Ndiva: kwa nini Wapare hulaza maji

Kijito cha lita 5 kwa sekunde hakimwagilii shamba. Kipitishe kwenye mfereji wa udongo wa kilomita mbili: mengi yatazama njiani, na yatakayofika yatalowesha matuta machache ya mwanzo, basi. Ndiyo maana huko Upare, mkoani Kilimanjaro, mifereji mingi huishia kwanza kwenye ndiva, bwawa dogo la kulaza maji.

Piga hesabu. Lita 5 kwa sekunde, kwa saa 12 za usiku, ni lita 216,000: shimo la mita 12 kwa 12, kina mita 1.5. Alfajiri ukizibua na kuyamaliza kwa saa nne, unapata lita 15 kwa sekunde. Ongeza 5 zinazozidi kuingia, ni 20. Mkondo huo hulikimbilia shamba na kufika mwisho kabla udongo haujaunywa wote.

Lakini mkondo huo huo ukiugawa kwa watu kumi kwa mpigo, umerudi kwenye vijito. Lazima apewe mmoja au wawili, wengine wangoje. Basi bwawa linadai zamu, zamu inadai msimamizi, na msimamizi anadai watu wanaomtii. Zamani utii huo ulitoka kwa ukoo uliochimba ndiva. Siku hizi kuna kamati.

Kisha tope. Likijaa sentimita 30 tu, limekula moja ya tano ya maji yenu. Kulitoa ni kazi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na asiyetokea hulipa faini. Wanaouona msaragambo kuwa desturi tu ya kale hawajawahi kuzoa tope la ndiva peke yao.

Kinachonisumbua zaidi ni banio, kile kizuizi mtoni kinachoyageuza maji yaingie mferejini. La zamani ni mawe, matawi na udongo: mafuriko hulibomoa, na kiangazi huvuja. Wafadhili huliona bovu, wakajenga la zege. Kumbe ule uvujaji ndio uliokuwa mgao wa watu wa bondeni! Zege halivuji, maji machache ya kiangazi huishia yote juu, na ugomvi huanzia hapo. Mkijenga la zege, acheni tundu la kudumu chini ya ukuta, lisilo na mlango wa kufungwa. Ukubwa wake upimwe mwezi Septemba mto ukiwa umepungua, watu wa bondeni wakiwapo. Vipimo vya Aprili havifai, maana masika kila mtu ana maji.