Soda, runinga na zile dola milioni 560 za Mengi

Kila orodha ya matajiri wa Afrika ikitoka, vijana huniuliza hizo hela ziko benki gani. Kazi yangu ni kuthamini makampuni, na jibu langu halibadiliki: sehemu kubwa haiko benki yoyote. Ni thamani ya hisa ambazo mwenyewe hajaziuza, na pengine hana mpango wa kuziuza.

Mchukueni marehemu Reginald Mengi, mfanyabiashara wa Tanzania. Mwaka 2014 jarida la Forbes lilimkadiria kuwa na dola milioni 560. Lakini kundi lake la makampuni, IPP, halikuwa limeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Linganisheni na Nation Media Group, kampuni ya habari ya Kenya, ambayo ipo kwenye soko la hisa la Nairobi. Ukitaka kujua thamani ya fungu la mwanahisa wake yeyote, unazidisha idadi ya hisa zake kwa bei ya siku, umemaliza. Kwa IPP bei hiyo haipo, kwa hiyo mtu wa nje anakadiria.

Tazameni jinsi makadirio yanavyoyumba. Tuseme kampuni inapata faida ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka kabla ya riba na kodi, na inadaiwa bilioni 4. Ili kupata thamani ya kampuni, mthamini mmoja anaizidisha faida mara 5, anapata bilioni 10; akitoa deni, mwenye kampuni anabaki na 6. Mwingine anaona biashara inakua, anazidisha mara 8: bilioni 16, toa deni, zinabaki 12. Vitabu vya hesabu ni vile vile, faida ni ile ile, ila huyu wa pili kamfanya mtu tajiri maradufu. Na deni lenyewe, kwa kampuni binafsi, mara nyingi mtu wa nje halioni kabisa.

Mengi angeyafanya mahesabu haya usingizini. Alikuwa mhasibu, aliyeiongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand Tanzania hadi 1989. Kabla hajaondoka alikuwa ameshaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, enzi ambazo bidhaa zilikuwa adimu madukani. Kituo chake cha runinga, ITV, kilikuja 1994, wakati Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza inapata runinga. Ile ya serikali ilifuata miaka kadhaa baadaye. Redio yake ya Radio One na gazeti lake la Nipashe vilimwingiza kila nyumba, na hapo ndipo watu wengi wanapodhani utajiri ulitoka.

Mimi sidhani hivyo. Kituo cha runinga kinakula umeme, mitambo na mishahara kila siku, halafu tangazo la leo linalipwa baada ya miezi miwili, mitatu, na mteja mkubwa akiamua kuchelewa humfanyi kitu. Nimeona vyombo vya habari vyenye faida nzuri kwenye karatasi vikikosa mshahara wa mwisho wa mwezi. Soda ni habari nyingine. Bonite Bottlers ya Moshi, kampuni nyingine ya kundi la IPP, inajaza Coca-Cola na maji ya Kilimanjaro. Kreti likitoka, pesa inarudi upesi, na kesho mnywaji ana kiu tena.

Ningepewa kazi ya kulithamini kundi lile, ningeanzia Moshi kwenye vitabu vya Bonite. Studio za ITV, kule Mikocheni, Dar es Salaam, ningezifikia mwisho.