Binti anajichubua: maswali ninayoulizwa na wazazi

Swali: Mkorogo una nini ndani?

Ni krimu za kuchubua ngozi zilizochanganywa, mara nyingi zina zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kupausha ngozi) au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho). Zebaki huharibu figo, steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Tanzania vitu hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Mitaani vinauzwa.

Swali: Uso unamwasha na umekuwa mwekundu. Si dawa inafanya kazi?

Hapana. Nasema tena, hapana. Uso huo unaungua. Akiacha siku mbili, unavimba na kuwasha zaidi, basi anarudia kopo ili utulie. Utatulia kweli, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: steroidi inatuliza balaa iliyolileta yenyewe. Asirudie. Asipake limau, wala dawa ya meno, wala krimu ya jirani. Mlete zahanati siku hiyohiyo.

Swali: Anaona aibu kuja. Tusubiri kidogo?

Msisubiri. Juzi nimempokea mmoja kajifunga mtandio mpaka machoni, jua la saa saba, na mama ndiye anamjibia kila swali. Alipoufungua, uso kama umemwagiwa maji ya moto, viungo vya vidole vyeusi vilevile. Miezi minane walikuwa "wanasubiri". Sasa mashavuni ana madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni kazi kubwa kuyaondoa. Msisubiri!

Swali: Lakini ni mzuri. Kwa nini ajichukie?

Binti huyo alinionyesha picha ya msichana mtandaoni, akasema "nataka hivi". Nikamwambia anipige picha mimi kwa programu ya simu ya kurembesha sura, kama ya msichana huyo. Nesi mwenye wajukuu nikatoka sina kunyanzi hata moja, pua imechongoka, mweupe pe. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Tangu hapo akawa anajibu mwenyewe. Jaribuni nyumbani, mhesabu pamoja vilivyobadilishwa.

Ila msiisingizie simu peke yake. Nani alianza kumwita "cheusi" mbele ya wageni? Nani kila harusi humsifu mdogo wake kwa sababu "ana rangi"? Mtoto anayesikia hayo tangu ana miaka sita, tangazo la krimu linamkuta keshaiva. Acheni utani huo. Msifuni kwa alichokifanya: alivyomwelewesha mdogo wake hesabu, alivyodaka mpira wa netiboli. Mtaje jambo lenyewe, maana "wewe ni mzuri tu" haamini.

Swali: Si ujana tu, atakua ataacha?

Wapo wanaoacha. Lakini asiyekula, anayejifungia chumbani, anayejikata, au anayesema bora afe, huyo asiachwe peke yake, na hospitali ni leo. Si kesho baada ya maombi, ombeni njiani.

Na kopo msilitupe kwa hasira. Njooni nalo, hata kama lebo imebanduka, nijue alichojipaka.