Maana ya "msaada" kwa baharia anayezunguka dunia peke yake

Katika mashindano ya kuzunguka dunia kwa mashua ya matanga, neno "msaada" hubeba maana mbili ambazo msomaji hana budi kuzitenganisha. Upo msaada wa kikosi kinachobaki nchi kavu, ambao ni halali, na upo "msaada wa nje", ambao baharia akiupokea huondolewa mashindanoni. Mpaka kati ya hiyo miwili unaonekana vizuri zaidi katika Vendée Globe, mashindano ya Ufaransa yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambayo sasa hufanyika kila baada ya miaka minne. Baharia huondoka bandari ya Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, na kurudi hapohapo baada ya safari ya maili za baharini zipatazo 24,000, bila kutua popote na bila mtu mwingine chomboni. Sisi watu wa pwani tumezoea kwamba nahodha ana mabaharia wa kuwaamrisha. Huyu anajiamrisha mwenyewe, na tanga likichanika usiku, ni yeye anayeamka kulishona.

Sehemu kubwa ya kazi ya kikosi cha nchi kavu humalizika kabla ya safari, kwa sababu kamba iliyokaguliwa vibaya bandarini haiwezi kubadilishwa na fundi mwingine katikati ya Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Mashua ikishaondoka, kikosi hubaki na sauti tu. Kupitia setilaiti, mafundi huweza kumweleza baharia namna ya kutengeneza kilichoharibika, na daktari humshauri anapoumia. Katika mashindano ya 1992–93, Bertrand de Broc aliumia ulimi, akaushona mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya daktari yaliyomfikia kwa maandishi. Huo ulikuwa msaada halali: maarifa yalitoka nchi kavu, lakini sindano ilikuwa mkononi mwake.

Jambo ambalo sauti hiyo hairuhusiwi kulifanya ni kumchagulia njia. Baharia huweza kupokea takwimu za hali ya hewa na kuzisoma mwenyewe, ila mtaalamu wa nchi kavu akimwambia apite kusini ili kukwepa upepo dhaifu, hapo kanuni imevunjwa. Naona huu ndio moyo wa dhana yenyewe, kwa kuwa kuusoma upepo na kuamua ndiyo kazi hasa ya ubaharia.

Kutia nanga kunaruhusiwa, mradi baharia asishuke nchi kavu wala asisaidiwe na mtu. Yves Parlier, aliyevunjikiwa mlingoti katika mashindano ya 2000–01, alitia nanga karibu na Kisiwa cha Stewart, New Zealand, akauunga mlingoti peke yake na, chakula kilipopungua, akala mwani, kisha akamaliza akiwa wa 13. Kanuni hulegea mwanzoni tu: katika siku 10 za kwanza, mashua inaweza kurudi Les Sables-d'Olonne ikatengenezwa na kikosi chake. Michel Desjoyeaux aliitumia nafasi hiyo mwaka 2008, akaondoka tena akiwa nyuma kwa saa 40 hivi, na hata hivyo akashinda.

Maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, makatazo haya hayana nguvu tena, na mara nyingi mwokoaji wa karibu zaidi ni mshindani mwenzake. Tarehe 30 Novemba 2020 mashua ya Kevin Escoffier ilivunjika kusini-magharibi mwa Cape Town, naye akaingia katika mashua ndogo ya kujiokolea inayojazwa hewa. Waendesha mashindano waliwaomba washindani waliokuwa karibu wageuze njia, na Jean Le Cam ndiye aliyempata na kumpandisha chomboni mwake usiku ule. Waliogeuka walifidiwa muda waliopoteza: Le Cam saa 16 na dakika 15, Yannick Bestaven saa 10 na dakika 15, Boris Herrmann saa 6. Mwezi Januari 2021 Charlie Dalin alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa kumalizia, lakini hesabu ya fidia ilipofanyika, mshindi alikuwa Bestaven.