Masaji Bila Maumivu Si Masaji? Hebu Tuelewane

"Kandamiza tu dada, usinionee huruma." Kila msimu wa wageni maneno haya yanarudi kwenye meza yangu ya masaji hapa Moshi, na sasa yamenichosha. Wanaoongoza kuyasema ni wapagazi na waongozaji waliotoka mlimani, wakifuatiwa na madereva wa safari na yeyote aliyewahi kukandwa mtaani hadi machozi yakamtoka. Nikianza taratibu wanadhani nawapunja.

Ukweli ni kwamba msuli ukibanwa kupita unavyostahimili, hujikaza ili ujilinde. Mteja anauma meno, anazuia pumzi, moyo unamwenda mbio. Hiyo ni hali ya kujihami, na kazi yangu ni kumtoa huko, si kumzamisha zaidi. Michubuko anayojivunia kesho yake ni majeraha. Nafuu aliyoisikia aliposhuka mezani, mara nyingi ni kwa sababu mateso yameisha tu.

Katika masaji ya biodainamiki, aina ninayoifanya, nguvu ya mkono ina kipimo, na kipimo chenyewe ni tumbo. Gerda Boyesen, mwanasaikolojia na mfiziotherapia wa Norwei aliyeianzisha, alikuwa akichua huku akisikiliza tumbo la mteja kwa stetoskopu. Kwa mtazamo wa njia hii, likinguruma, neva za utulivu zimeanza kazi. Nikigusa mahali na tumbo likanyamaza ghafla, napunguza nguvu au nahama. Wateja huona aibu: "Samahani, sijala mchana." Kaka, sauti hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri! Boyesen alikwenda mbali zaidi, akasema utumbo humeng'enya hata hisia. Hiyo ni nadharia yake na haijathibitishwa, nami simwambii mteja kwamba imethibitishwa. Lakini kwamba utumbo una mtandao wake mkubwa wa neva, na kwamba hofu huvuruga mwendo wake, hilo halina ubishi.

Mapaja ya mpagazi nayo yana maelezo yake. Kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hadi geti la Mweka huku chini, ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na muda wote huo misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Kiwiko changu hakiungi nyuzi. Kuchua kwa upole kunaweza kupunguza maumivu. Kupona kwenyewe kunataka siku na usingizi. Na tafadhali, ukimaliza usikimbilie bodaboda. Lala palepale robo saa, umejifunika shuka, simu imezimwa. Hili silegezi, na wanaobishana nami huondoka wakiwa na kizunguzungu.

Mengine niyapitie upesi. Masaji "inatoa sumu"? Ini na figo zinafanya kazi hiyo bila kunisubiri mimi, na ile asidi ya misuli mnayotaka niiyeyushe ilishaondoka mwilini kabla hujafika kwangu, saa chache tu baada ya kupumzika. Wanaopiga simu kuuliza "huduma ya ziada", hapa haipo, msiniulize tena. Kazi hii inaweza kufanyika ukiwa umevaa nguo zako, na ukisema acha, naacha.

Mtu akilia mezani hana mapepo. Mwili uliokazana muda mrefu ukilegea, machozi huja, wengine hutetemeka. Naacha mkono ulipo, namwacha apumue, simrundikii maswali. Yakitaka kuzungumzwa, hapo ndipo saikotherapia ya mwili, yaani tiba ya nafsi inayopitia mwilini, inapoanza, na mtu husomea miaka kadhaa akiwa chini ya usimamizi. Cheti cha wiki mbili cha kuchua mgongo hakikupi ruhusa ya kufukua misiba ya watu. Na aliyeandikiwa dawa na daktari wa magonjwa ya akili aendelee kuzimeza. Mikono yangu haishindani nazo.

Nao wanaosema masaji haina madhara, wasikilize hili. Abiria ameshuka basi la Dar, mguu mmoja umevimba, una joto, kigimbi kinamuuma, anataka nimchue damu itembee. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na nikiichua inaweza kung'oka ikaenda hadi kwenye mapafu. Huyo simgusi. Namrudishia hela yake, aende hospitali, Mawenzi au KCMC, siku hiyohiyo.