Kijana na nyimbo zake: angalia kinachobaki wimbo ukiisha

Wazazi wa hapa Kigoma wanaofika kwetu kwenye ushauri nasaha huja na lalamiko lile lile: kijana akipiga singeli kutwa ameharibika, akipiga kwaya ametulia. Kwa ninavyoiona kazi hii, aina ya muziki haisemi mengi. La kuangalia ni kijana anautumia wimbo kuifanyia nini hasira au huzuni aliyonayo.

Mwaka 2015, Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachunguza watu 39 wa miaka 18 hadi 34, wote wapenzi wa roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaofoka. Kwanza waliwazungumzisha mambo yaliyowaudhi. Kisha baadhi wakasikiliza nyimbo walizochagua wenyewe kwa dakika 10, wengine wakakaa kimya. Hasira ilishuka kwa wote. Waliosikiliza, mapigo ya moyo yalibaki juu, ila walisema wamepata ari. Singeli haikuwamo, lakini matokeo hayo yanatosha kutuzuia kumhukumu mtu kwa spidi ya ngoma.

Mtego uko kwenye huzuni. Chukua kijana wa mwaloni Kibirizi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za kuvutia dagaa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika, naye anakaa siku kadhaa bila hela. Usiku amelala chali, hedifoni masikioni, wimbo wa kuachwa unajirudia mara ya tano. Mara ya kwanza ulimfariji: kumbe kuna mwenzangu yalimkuta. Ikifika ya tano, mara nyingi hausikilizi tena. Anazipekua meseji za mchumba kichwani, nani alianza, lini, kwa nini. Marehemu Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kucheua mawazo namna hiyo hurefusha huzuni.

Lakini msikimbilie kumnyang'anya simu. Mwenye tabia ya kucheua mawazo ndiye huvutwa zaidi na nyimbo hizo. Ukiuzima wimbo, mawazo yanabaki pale pale. Afadhali umuulize, bila kumsuta: umeusikiliza, sasa unajisikiaje? Akisema amepumua, au akaanza kusimulia, mwache na wimbo wake. Akisema kifua kimezidi kuwa kizito, abadilishe. Si lazima aruke hadi nyimbo za harusi, maana zitamkera tu. Rumba ya taratibu yatosha, au atoke kuwafuata wenzake mtaani Mwanga, waimbe na kucheza pamoja.

Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, au akianza kusema maisha hayana maana, mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Maweni. Kauli hiyo ya mwisho isisubiri wiki mbili; nendeni siku hiyo hiyo. Mkifika, mwambieni mhudumu hata wimbo anaoupiga usiku. Kijana aliyekataa kujibu “una tatizo gani?” huenda akakubali kueleza kwa nini anaupenda.