Treni ya Mwendokasi Inamfaa Nini Abiria wa Mtwara na Lindi?

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha kufika Dodoma mwezi uliofuata, watu wa Kusini wanatuuliza sisi wa fani ya uchukuzi: inatuhusu nini, nayo reli haifiki hata Kibiti?

Inatuhusu. Mkazi wa Masasi anayekwenda Dodoma kufuatilia mafao, kufanya usaili wa kazi au kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa alikuwa anahesabu siku mbili za basi. Siku ya kwanza haijabadilika: kutoka Mtwara mjini tu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Iliyobadilika ni ya pili. Basi la Dar–Dodoma linakula karibu kutwa nzima. Treni inatumia chini ya saa nne. Aliyelala Mbagala kwa nduguye akawahi treni ya asubuhi, anazikuta ofisi za Dodoma bado ziko wazi.

Tukubaliane kwanza kuhusu jina hilo la “mwendokasi”. Kwa vipimo vya Umoja wa Kimataifa wa Reli, reli mpya huhesabiwa ya mwendokasi treni zake zikifikia kilomita 250 kwa saa. Japani ilianza mwaka 1964 kwa 210. Moroko tangu 2018 inakimbiza treni kwa 320. Ya kwetu mwisho wake ni 160. Hata hivyo, abiria hanufaiki na namba hiyo peke yake. Kinachomfaa zaidi ni kwamba njia ni ya treni tu. Ina uzio, na magari yanavuka kwa madaraja ya juu au ya chini, kwa hiyo hakuna lori bovu la kuziba njia, wala foleni, wala mizani. Ndiyo maana saa ya kufika iliyoandikwa kwenye ratiba ni ya kupangia mambo.

Si kwamba treni haisimami. Inaendeshwa kwa umeme, na umeme ukileta hitilafu abiria wanasubiri porini, imeshatokea. Lakini watu wa huku hatuna haja ya kufundishwa adha ya kukwama: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi–Dar, na mabasi yakalala njiani.

Faida ambayo matangazo huisema kwa haya ni choo. Kwenye basi, abiria anangoja konda atangaze kuchimba dawa, kisha watu wanatawanyika vichakani, wanawake upande huu, wanaume ule. Mjamzito, mzee mwenye kisukari na binti aliye kwenye siku zake ndio wanaoteseka zaidi. Wengi wanajikinga kwa kutokunywa maji tangu alfajiri, na hilo lina madhara: mwili ukikosa maji, huku miguu imekunjwa kwa saa nyingi, miguu inavimba na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inaongezeka. Ndani ya treni unainuka, unatembea kwenye ujia, unakwenda msalani treni ikiwa kwenye mwendo. Kwa mgonjwa, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuchagua treni.

Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kwa treni ya kawaida ya reli hii mpya (si ile ya haraka), Dar hadi Dodoma, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, wa chini ya hapo hatozwi. Kata tiketi kabla hujaondoka Mtwara, na uwe na kitambulisho chenye jina lilelile.

Na reli yetu je? Wazee wanaikumbuka ile ya Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga ziliposhindikana, reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Sasa mpango uliopo ni wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, na mazungumzo mengi ni ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mkiitwa kwenye mikutano ya kutoa maoni, ulizeni pia kuhusu abiria: treni yao itapita mara ngapi kwa siku, stesheni ya Masasi itakaa wapi, na daladala zitaifikia kwa barabara ipi.