Huna muda wa kusoma Biblia? Chagua kitabu kwanza, saa itafuata

Mtu akiniambia hana muda wa kusoma Biblia huwa simbishii, maana mara nyingi anasema kweli. Namuuliza tu: ukipata dakika kumi sasa hivi, utafungua wapi? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanataja Zaburi kwa kubahatisha, au wanasema watafungua popote Roho atakapowaongoza, na hiyo "popote" huwa ni palepale pa siku zote: Zaburi 23, Zaburi 91, Yeremia 29:11. Katika kufundisha usomaji wa Biblia kanisani nimeona kwamba dakika hazikosekani kabisa. Zimetawanyika, na zinapojitokeza zinatukuta hatuna pa kuanzia. Tunapekua huku na huku, simu inaita, muda umekwisha.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na saa. Naanza na kitabu. Chagua kitabu kimoja, uanze sura ya kwanza, uweke alama ulipoishia, na kesho uendelee hapo hapo mpaka mwisho. Najua mafundisho mengi huenda kinyume: kwanza kengele ya saa kumi na moja alfajiri, mengine baadaye. Kengele inalia, mtu anaamka, anakaa na usingizi wake mbele ya Biblia asiyojua aifungue wapi, na wiki haijaisha ameshaizima. Kuamka mapema ni jambo jema kwa anayeweza. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, au mtu anayetoka zamu ya usiku, ni kumbebesha hatia bure.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wenye bidii ndio hukiingia: ratiba ya mwaka mzima. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo, ndiyo maana ratiba nyingi husema sura tatu kila siku na tano Jumapili. Kwenye karatasi si mzigo mkubwa. Shida ni pale mzigo unapoangukia. Anza Mwanzo 1 tarehe 1 Januari, sura tatu tatu bila kukosa, na mwezi utaanza kwa raha: Ibrahimu, Yakobo, Yusufu, kisha Musa na Farao. Tarehe 25 unaingia Kutoka 25, vipimo vya sanduku la agano, meza na kinara cha taa, halafu mapazia na vitanzi vyake. Tarehe 31 unafungua Mambo ya Walawi. Februari haijafika katikati, uko kwenye Hesabu, na makabila yanahesabiwa moja baada ya jingine. Sisemi sura hizo hazina maana, nazifundisha na ninazipenda. Lakini ndizo zinazomkuta msomaji ambaye moto wa mwaka mpya umeanza kupoa, na hapo anaruka siku moja, kisha mbili.

Ukiruka siku nne, una sura 12 nyuma. Ongeza tatu za leo, ni 15. Mtu mwenye shughuli hana pa kuziweka sura 15. Atazisoma mbio mbio ili atie alama ya vema kwenye karatasi, au ataacha kabisa asubiri Januari nyingine. Ninaowafundisha nawapa kanuni moja: hakuna viporo. Siku uliyoruka imepita, hudaiwi. Ukirudi, endelea pale penye alama yako, hata kama kalenda inasema ulipaswa kuwa mbali. Kwa sababu hiyo ratiba ninazowaandikia watu hazina tarehe kabisa, zina orodha ya vifungu tu.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliandaa mwaka 1842 ratiba ambayo bado inatumika sana: Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Wanaoitumia wengi hawajui kwamba yeye mwenyewe alitanguliza maonyo. Alihofia usomaji wa kutimiza ada, alihofia mtu kujiona mwenye haki kwa kuwa amemaliza fungu lake, alihofia kusoma bila kufikiri, na alihofia ratiba kugeuka nira isiyobebeka. Ratiba zingechapishwa pamoja na maonyo yake, watu wangepumua.

Kwa anayeanza, au anayerudi baada ya muda mrefu, hesabu ninayoipenda ni hii: Agano Jipya lina sura 260, na wiki 52 mara siku tano ni 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na mbili za akiba kwa ajili ya maisha yenyewe, maana maisha hayakosi la kwake. Injili zote nne zina sura 89. Kama hata hiyo ni kubwa, anza na Marko, sura 16. Katika makanisa yenye kalenda ya masomo ya kila siku kazi hiyo imekwisha kufanywa, chukua masomo ya siku na usijitungie mengine.

Ila usiitegemee sana sura kama kipimo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitoka kwa Robert Estienne, mchapaji vitabu, mwaka 1551. Luka 1 ina mistari 80, Zaburi 117 ina miwili. Pengine sura inakata jambo katikati: maneno ya Isaya juu ya mtumishi anayeteseka yanaanza 52:13, na anayeanzia 53:1 amekosa utangulizi wake. Siku yenye nafasi finyu, soma kisa kimoja mpaka kiishe, usimame hapo.

Sasa saa yenyewe. Maandiko yanatupa watu wawili wenye kazi nyingi. Kumbukumbu la Torati 17 inaagiza mfalme ajiandikie nakala ya torati, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Yaani mtu mwenye majukumu kuliko wote katika taifa ndiye aliyewekewa sharti la kila siku, na sababu inatajwa: moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Wa pili ni yule towashi wa Kushi katika Matendo 8, msimamizi wa hazina yote ya Kandake, malkia wa Kushi. Yeye alisoma Isaya safarini, ameketi garini, na alisoma kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Hakungoja afike nyumbani kwenye utulivu.

Nachukua somo la kawaida sana kwa huyo wa pili. Usomaji hudumu ukiuegemeza kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa. Safari ya kwenda kazini, foleni, muda wa kunyonyesha, nusu ya kwanza ya mapumziko ya mchana, dakika za kumsubiri mtoto atoke shule. Chagua kimoja. Ukichagua vitatu hutakuwa na hata kimoja. Biblia ikae hapo kinapofanyika, si kabatini chumba cha pili.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu watumishi hawapendi kulisikia. Wakristo wengi wanaokosa muda wa Biblia wameumaliza kanisani. Jumanne kwaya, Jumatano kamati, Alhamisi maombi ya kikundi, Ijumaa mkesha, Jumamosi maandalizi ya ibada, Jumapili yupo tangu asubuhi hadi jioni. Martha hakuwa akifanya mambo ya dunia, alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe, na bado aliambiwa kwamba anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi. Ukiniuliza dakika utazitoa wapi, na wewe uko katika vikundi vinne, nitakuambia toka kimoja. Kamati itampata mwingine. Kwa wahubiri hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa tunaishika Biblia kutwa tukitafuta la kuwaambia wengine, na mtu anaweza kupita mwaka mzima namna hiyo bila kusoma kitu kwa ajili ya nafsi yake.

Dakika kumi zinatosha nini hasa? Chukua Marko 1:29-39, mistari 11. Isome mara moja kwa mwendo wa kuongea, haichukui zaidi ya dakika mbili. Mkwewe Simoni anaponywa homa, anainuka kuwahudumia. Jioni, jua likiwa limekwisha kuchwa, Yesu analetewa wagonjwa wote, na mji wote umekusanyika mlangoni. Alfajiri na mapema Yesu anatoka, anakwenda mahali pasipo watu, anaomba. Simoni na wenzake wanamfuata, wanamwambia watu wote wanakutafuta. Naye anasema twendeni mahali pengine.

Isome tena, sasa ukiwa na swali moja tu: ni nini hapa kinanishangaza? Mtu mmoja ataona jua. Kwa nini wagonjwa waletwe baada ya jua kuchwa? Anarudi nyuma mpaka mstari wa 21, anakuta ilikuwa siku ya sabato. Walingoja sabato iishe ndipo wabebe wagonjwa wao. Mwingine ataona kwamba Yesu alipoondoka, mahitaji hayakuwa yamekwisha. Mlango ulikuwa bado na watu, walikuwa bado wanamtafuta, naye akaenda vijiji vingine kwa sababu alijua alilolijia. Msomaji mwenye simu isiyonyamaza atakaa hapo kwa muda. Akiomba kutokana na hilo moja aliloliona, kwa maneno yake, dakika kumi zimekwisha na amesoma vizuri kuliko aliyepitisha macho kwenye sura nne. Njia hii ni ya kale. Guigo II, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, aliipanga katika hatua nne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Hatua ya nne huwa siifundishi kwa wanaoanza, inakuja yenyewe.

Simu? Itumie, lakini zima data kwanza. Programu ya Biblia iliyopakuliwa inafanya kazi bila intaneti, na ujumbe usioingia hauwezi kukuita. Nikiwa na hiari nachagua kitabu cha karatasi, kwa sababu kwenye karatasi nakumbuka kifungu kilikuwa upande gani wa ukurasa, na kalamu inapita pembeni. Hilo ni tabia yangu tu. Ninachokataa ni kuhesabu "mstari wa leo" unaotumwa kwenye makundi kuwa ni usomaji. Mstari mmoja uliong'olewa kwenye sura yake, juu ya picha ya maua, unafariji, lakini haukufundishi kitabu kilichouzaa.

Kusikiliza ninakuhesabu. Ufunuo 1:3 unamtaja heri asomaye na wao wayasikiao, na Paulo aliagiza barua yake isomwe mbele ya kanisa la Laodikia pia. Wengi wa Wakristo wa kwanza hawakuwahi kumiliki kitabu cha Maandiko hata kimoja, imani yao iliingia kwa masikio. Anayeendesha gari, anayefua, anayepika, aweke Biblia ya sauti. Injili ya Marko yote haifiki saa mbili. Kasoro yake ni kwamba akili ikitoroka, msomaji hakungoji, kwa hiyo rudia kipande kilekile siku inayofuata kabla ya kusonga mbele.

La mwisho ni la wale wanaoacha, si kwa kukosa muda, ila kwa sababu hawaelewi wanachosoma, nao wanaona haya kulisema. Kwanza, kama Kiswahili cha Union Version ya 1952 kinakuchosha, chukua tafsiri nyepesi na ile nyingine ubaki nayo kwa ibada. Pili, usisimame kwenye kila fumbo. Weka alama ya kuulizia pembeni, endelea. Maswali yakikusanyika, mpelekee mtu anayejua, kama towashi alivyompandisha Filipo garini. Lakini mengi yatajibiwa na kitabu chenyewe ukikisoma kwa mpangilio. Katika Marko, kwa mfano, utaona Yesu akiwakataza watu wasiseme: mwenye ukoma katika 1:44, wazazi wa binti aliyefufuliwa katika 5:43, wanafunzi wake katika 8:30. Anayedokoa vifungu hubaki na mshangao huo. Anayeendelea anafika 9:9, pale wanaposhuka mlimani, na kukuta katazo limewekewa ukomo: mpaka Mwana wa Adamu atakapofufuka katika wafu. Kwa mwendo wa sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mstari huo unakufikia katika wiki ya pili.